Ndege wa Nyuma ya Ng'ombe

Baba Kerubo,

Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo unajua tabia yake. Wewe je? Kifua kimeacha kukusumbua asubuhi? Yule ng'ombe mweusi ameshika mimba ama bado anatudanganya? Na mama yako, chai anakunywa mwenyewe ama mpaka ashikiwe kikombe? Nijibu hayo kwanza kabla hujaanza kunigombeza, maana najua kalamu yako itakimbilia huko.

Barua hii anakuletea mama mmoja wa kwetu tunayesali naye huku ng'ambo, anakuja Ekerenyo kumwona dada yake. Nimemwambia akupe wewe mkononi. Kwa simu sikutaka. Wewe simu unaiweka juu ya meza, unafungulia sauti mpaka mwisho, na kila anayekuja kuchukua maziwa hapo Nyansiongo anasimama kusikiliza mambo ya nyumba yangu. Naandika Kiswahili kwa maana ndicho walichonifundisha kushikia kalamu kabla sijatolewa darasa la nne. Nimeandika siku nne, kila mtoto akilala. Na wewe usome pole pole.

Ujumbe wako ulifika. Umesema nirudi kabla mwezi huu haujaisha. Umesikia kwamba nalala chini ya paa moja na mume wa binti yangu, kwamba tunakaa naye sebule moja, na kwamba tumeshikana mikono. Umesema ndugu yako Ombati amekaa na wazee wawili, wakaona nimeiletea familia aibu. Baba Kerubo, yote uliyosikia ni kweli. Sasa sikia na yale ambayo hukuambiwa, halafu uamue kama ni mimi wa kurudi ama ni Ombati wa kunyamaza.

Wewe mwenyewe ulikuwepo Kerubo alipopiga simu. Daktari alikuwa amemkataza kusimama sana kwa sababu ya mimba, naye akamtaka mama yake. Ukasema, "Chinsoni ni chinsoni. Mama mkwe halali nyumba ya mkwe, hali mbele yake, na hawatazamani usoni. Kama hakuna nyumba ya pekee, haendi." Binti yako akakujibu, "Baba, nyumba yetu imegawanywa mara mbili. Ukuta uko katikati, na kila upande una mlango wake." Ukafurahi wewe! Ukasema kumbe huyu kijana wa Masimba ana akili, amemtengea mama mkwe upande wake. Ukanitafutia hata sanduku.

Basi nikafika. Mkwe kwa heshima hakuja kunipokea, alimtuma mama wa kanisa lao. Nikaiona nyumba, na kweli ni moja yenye milango miwili iliyokaribiana kama matundu ya pua. Kwenye mlango wa kushoto alisimama Kerubo na tumbo lake. Nikamkumbatia, nikalia kidogo, halafu nikabeba sanduku langu nikaenda mlango wa kulia. Ulikuwa haujafungwa. Nikaingia. Nikaona kwangu pamepambwa vizuri, viti laini, picha za ndege ukuta mzima, hata paka wamenipa. Nikavua viatu, nikaketi, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo akatoka jikoni mzungu mzee, mwanamke, taulo kichwani, kijiko mkononi, akanitazama kama mtu aliyekuta mbuzi kanisani.

Nusu ile ni ya watu wengine! Huku wanajenga nyumba moja, wanaikata katikati kama mkate, na kila mmoja anauziwa kipande chake. Huyo mama anaitwa Jini. Mungu anisamehe, si mimi niliyemtunga, ndivyo jina linavyotamkwa.

Kerubo alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Mama, sikudanganya. Nilisema imegawanywa."

"Imegawanywa na nani?"

"Na Jini."

"Na mimi nitalala wapi, na Jini?"

Ningerudi siku ile ile kama si lile tumbo. Lilikuwa limeshuka, na miguu yake imevimba kama viazi vikuu. Nikapiga hesabu yangu. Mkwe anafua mashuka ya hospitali, kazi ya usiku. Anarudi asubuhi, anaondoka tena jioni. Siku zake za kupumzika analala kwa rafiki yake wa kanisani. Nikasema basi, usiku hayupo, mimi nitakuwepo, na mchana akiwepo, mimi sitakuwepo. Hatutakula pamoja, hatutaonana uso. Asubuhi nikisikia gari lake linageuka pale kona, mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Nikikuta ameondoka, narudi. Hivyo ndivyo nilivyoishika hiyo chinsoni yenu, kwa miguu yangu na goti hili, mvua na upepo, miezi minne. Ombati hajaishika hivyo hata siku moja.

Sasa utauliza nilikuwa nakwenda wapi.

Ardhi ya hapa imeingia baharini kama ulimi, maji kulia, maji kushoto, maji mbele. Wenyewe wanaisifu kwamba haina baridi. Ni kweli theluji haiji, lakini ni ile baridi ya Nyansiongo ya mwezi wa saba, yenye ukungu, halafu wameitia chumvi. Siku ya kwanza nilitembea ufukweni nikitafuta mahali mtu mzima anaweza kuketi bila kuulizwa anangoja nini. Nikaona kibanda cha mbao. Ndani kuna benchi moja ndefu, na ukutani mbele wamekata nafasi nyembamba ya kuchungulia. Watu watano walikuwa wameketi, wote wameelekea ukuta, kimya, na hakuna aliyeitikia salamu yangu. Nikasema moyoni, hawa nao wanakimbia wakwe.

Kumbe wanatazama ndege! Watu wazima, Baba Kerubo, wenye mvi na wajukuu. Wameamka alfajiri wakavaa makoti ya rangi ya matope ili ndege wasiwaone. Shingoni wana darubini za kuona mpaka mbinguni. Ndege akitua wanaandika kitabuni kwamba ametua. Akiondoka wanaandika ameondoka. Hawamli, hawamfugi, hawamfukuzi shambani. Mimi nikiwa na miaka sita niliwekwa juu ya kichuguu katikati ya shamba la wimbi nipige debe ndege wasitue, kuanzia jua linapotoka mpaka linapozama, mikono ikivimba, na nikisinzia nachapwa. Hakuna mtu aliyeniandika kitabuni.

Na walivyo wajinga, walidhani mimi ni mwenzao. Mtu anayekuja kila siku, hasemi, hatikisiki, anatazama mbele tu, kwao huyo ndiye bingwa. Wakaanza kunisogelea. Wakanipisha nikae katikati, ndipo mahali pazuri. Kuna mzee mmoja mwenye masikio makubwa alikuwa akinimiminia chai kutoka kwa chupa yake, chai gani, maji ya kuoshea sufuria yaliyopitishiwa majani kwa mbali. Naye Jini, ambaye ndiye kiongozi wao, akawaambia jirani yake mpya anapenda ndege kuliko wote. Ningesema nini? Niseme namkimbia mfua mashuka?

Basi nikawajua hao ndege bila kutaka. Nilipofika majani yakiwa yanaanguka, palikuwa na vidogo vya kijivu, maelfu, vinakimbia juu ya matope na kudunga midomo kama sindano ya cherehani. Jini anasema vinatoka kaskazini kwenye barafu, vinakuja hapa kuota joto. Kama hapa ndipo pa kuota joto, basi huko kwao Mungu alipasahau. Siku zilipokuwa fupi wakaja mabata bukini weusi, na hao wanagombana kutwa kama wanawake wa kituo cha majani chai mzani ukichelewa. Kuna mweusi mwingine anapanda juu ya nguzo anatanua mabawa yakauke, anakaa hivyo saa nzima kama mlevi anayeeleza alivyopigwa. Halafu kuna mmoja mrefu, wa kijivu, shingo ndefu, anasimama majini kwa mguu mmoja tangu asubuhi, ametazama chini kana kwamba anawaza mambo makubwa, na hakuna analofanya. Huyo nilimpa jina. Nilimwita Ombati.

Jini anasema nikikaa mpaka wakati wa joto nitaona wengine wenye midomo ya rangi rangi kama bendera, wanachimba mashimo ardhini na kulala humo kama fuko. Ananiambia kwa furaha, anataka na mimi nifurahi. Ndege ana mabawa, ana miti, ana mbingu yote, halafu anakwenda kuchimba shimo. Nikamwambia kwetu fuko tunamtegea mtego. Akaacha kunipa biskuti siku hiyo.

Mjukuu wako akazaliwa siku zikiwa fupi hivyo. Ulipewa habari kwa simu, mtoto ni mzima, wamempa jina la marehemu mama yangu, Bosibori. Usichoambiwa ni kwamba Kerubo alipasuliwa na kidonda kikakataa kufunga. Daktari akamkataza kuinua chochote. Kwa hiyo nilikuwa naamka gizani, napika uji, namwosha mtoto, namfunga mama yake kitambaa tumboni, naacha maji ya moto kwenye chupa. Kisha nasikia gari pale kona, natoka. Kerubo ananiambia, "Mama, kaa tu," nami nadhani ni adabu. Nilikuwa natoka moyo umetulia, kwa sababu najua namwachia mumewe. Weka hilo akilini, Baba Kerubo.

Karibu na kibanda kuna malisho ya mkulima mmoja na ng'ombe wake. Asubuhi moja nikaona nyuma ya ng'ombe ndege mweupe. Yule yule wetu! Yule mwenye shingo fupi anayewafuata ng'ombe nyuma akiokota panzi na kupe, ambaye kwenye malisho yetu wanatua ishirini bila kualikwa na wewe unawatupia udongo wakichafua maji. Sikumwambia mtu. Nani anamwambia mwenzake ameona nzi? Nikawa namtazama tu, siku hadi siku, nikimwambia moyoni, wewe nawe umekuja mpaka huku, na kazi ni ile ile ya nyuma ya ng'ombe.

Halafu siku moja mzee wa masikio akageuza darubini upande wa malisho. Akashika kifua. Nilidhani ni moyo, nikatafuta maji. Akanyoosha kidole. Jini akatazama, naye akashika mdomo. Wakaanza kupiga simu kwa kunong'ona. Kabla ya saa sita magari yalikuwa yamejaa mpaka barabarani, watu wametoka miji ya mbali, wanakimbia na darubini zenye miguu mitatu. Mwanamke mmoja alilia machozi. Kwa ndege wa kupe! Huku kwao, kumbe, huyo ni mgeni adimu, mtu anaweza kuzeeka asimwone.

Jini akanigeukia. "Wewe unakaa hapa kila siku. Hukumwona?"

"Nilimwona."

"Lini?"

Nikainua vidole vitatu.

"Siku tatu?"

"Wiki."

Kibanda kizima kikanitazama kama nimekiri kuua mtu. Mzee wa masikio akaketi chini.

"Na hukusema!"

"Niseme nini?" nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuuzia ndizi. "Ndege wa nyuma ya ng'ombe. Nyumbani wengi. Hakuna kazi."

Wakaandika jina langu kwenye kitabu chao kinachoning'inia ukutani, kwamba aliyemwona kwanza ni Mama Kerubo. Wakanipigia makofi ya kunong'ona. Maisha yangu yote nimezaa, nimelima, nimechuma chai mpaka vidole vikapinda, na cheti changu cha kwanza ni cha huyo.

Siku iliyofuata kibanda kilikuwa hakina pa kusimama. Nimebanwa pale katikati, wageni wananipumulia shingoni, na ndege amesogea karibu kabisa, hatua kumi hivi, hakuna anayekohoa. Nikasikia mbio nje. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Ni mkwe wetu. Hana koti, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Akapaza sauti kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, kwa lugha yetu:

"Mama! Kerubo ameanguka!"

Miezi minne huyo kijana hajanisemesha. Hata kikohozi chake sikukijua.

Unajua wale watu walifanya nini? Waligeuka wote pamoja, vidole midomoni, "Shhh!" Mzee wa masikio akamshika mkono, akamnong'oneza, "Ndege! Ndege!" Mtoto wangu yuko sakafuni, na mimi nanyamazishwa kwa ajili ya mla kupe.

Nikapanda juu ya benchi yao. Nikapiga makofi, nikapiga na ile kelele ya shamba la wimbi ambayo sijaipiga tangu nilipoolewa, ile inayoanzia tumboni. Ndege akaruka. Ng'ombe nao wakakimbia. Yule mwanamke aliyelia kwa furaha jana yake akalia tena, sasa kwa uchungu. Ndege hajarudi mpaka leo, na asirudi. Nikashuka nikawakanyaga vidole waliokataa kupisha.

Tulikimbia, mkwe mbele, mimi nyuma. Kerubo alikuwa amelala kati ya jiko na meza. Maji ya chupa yaliisha, mtoto akachafuka, Kerubo akajaribu kuinua sufuria ya maji. Kidonda kilikuwa kimefunguka na gauni limelowa damu. Mtoto analia kitandani mpaka amekuwa mweusi. Mkwe akashika mabega, mimi nikashika miguu, hatukuweza, anateleza. Ndipo tukapitisha mikono chini ya mgongo wake, mmoja huku na mmoja huku, mikono ikakutana, tukashikana viganja kwa nguvu, tukamwinua. Kilemba changu kilikuwa kimeanguka njiani. Akaniona kichwa wazi na mvi zote. Hiyo ndiyo mikono uliyoambiwa tulishikana, Baba Kerubo. Hatukuwa tunasalimiana.

Hospitali wakamshona tena. Tukasimama kwenye kile kijia chao kirefu tukingoja, mimi nimeelekea ukuta huu, yeye ameelekea ule, mtoto mgongoni kwangu. Nikauliza ukuta:

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa gari, Mama. Alinipigia simu akiwa sakafuni, akaniambia uko kibandani."

"Gari linakwenda wapi?"

"Haliendi. Naliegesha nyuma ya kanisa, nalala humo mpaka saa ya kazi."

"Tangu lini?"

"Tangu ufike. Naingia namsalimu Kerubo, halafu natoka. Nilikuwa nakuachia nyumba."

"Na mimi nilikuwa nakuachia wewe!"

"Nilijua ukiona nimetoka utarudi ndani."

"Nitaonaje, na nimeelekezwa baharini natazama matako ya bata?"

Nikasikia anacheka. Halafu nikasikia kwamba si kicheko.

Umeelewa? Miezi minne, kila asubuhi, binti yako alikuwa peke yake, kwanza na tumbo lake, halafu na kidonda chake na mtoto wake. Mimi nimeketi na wazee wa darubini nikijiona mwenye heshima. Mumewe amejikunja kwenye gari akijiona mwenye heshima. Naye anamwambia kila mmoja wetu, "Niko sawa," asituaibishe. Tulipomlaza kitandani jioni alitutazama, mimi niko mlangoni, mumewe dirishani, kila mmoja macho chini. Akasema, "Mnaheshimiana mpaka nife?" Sijawahi kuchapwa hivyo hata na mama yangu.

Usiku ule sikulala. Nilijidharau, Baba Kerubo. Wale wa kibandani niliwacheka kwa kuacha kazi zao kumtazama ndege, na mimi nilimwacha mwanangu nikaenda kutazama wanaotazama ndege.

Asubuhi Jini alikuja na supu, macho mekundu, akaomba radhi kwa ile "Shhh." Akasema kwake ana chumba, nilale huko, ukuta uko katikati, na hiyo heshima yetu itakuwa imetunzwa. Kerubo ndiye aliyenitafsiria, bila kunitazama. Kilikuwa ndicho kile ulichotaka wewe. Nikamshukuru nikakataa. Mtoto analia usiku mara nne, na huo ukuta hauna mlango. Nimwache tena mwanangu aanguke upande wa pili wa matofali nikisikiliza?

Kwa hiyo nalala hapa. Mkwe ameomba kazi ya mchana akapewa, kwa hiyo usiku yupo na mimi nipo. Ukweli ndio huo. Sebuleni ni yeye aliyegeuza viti vyote vikaelekea dirishani, tunaketi safu moja, Kerubo katikati. Hatutazamani. Akitaka kuniambia kitu analiambia dirisha. "Mama, chumvi iko karibu nawe." Nami naliambia dirisha, "Ichukue, kwani nimeificha?" Juzi Jini aligonga kioo kutuonyesha mbayuwayu wa kwanza, anaruka na kusema "Kutoka kwenu! Kutoka kwenu!" kana kwamba nimeletewa kifurushi. Mkwe akaliambia dirisha, "Mama, huyo hata mboga za chinsaga hakubeba." Nilicheka mpaka Kerubo akanikataza nisimchekeshe, nyuzi zinavuta.

Huyo kijana nilimdharau siku ya kwanza ulipomleta kwetu, kwa ile miguu myembamba. Leo anamwosha mke wake miguu jioni, anakausha vidole kimoja kimoja. Wa kwetu sijamwona anayefanya hivyo, na wewe nakuhesabu.

Sasa tuje kwa Ombati, mwenye mila zake. Mwambie nimemkumbuka siku ile ya mvua, akitoka Ekerenyo kwa pikipiki, mwenye pikipiki mbele, mke wa mwanawe katikati, yeye nyuma amemshika mke wa mwanawe kiuno mpaka nyumbani. Soko lote liliona. Hapo chinsoni ilikuwa imekaa wapi, kwenye taa ya nyuma? Hakuna mzee aliyeitwa. Walisema ni mvua. Na huku kwetu ilikuwa damu.

Kama wazee wanataka mbuzi wa kuniosha, sikatai. Mila siitupi. Yupo yule dume mwenye pembe moja, wamchinje, waseme maneno yao, na vidole vya mkwe na vyangu vitakuwa safi hata tukiwa huku. Kichwa mpeni Ombati, labda mdomo wake utapata kazi.

Lakini kurudi mwezi huu, hapana. Daktari amesema Kerubo asiinue kitu kwa muda, hata mtoto wake mwenyewe. Awekewe kifuani akiwa ameketi, na akishiba atolewe. Mkwe akiwa kazini, ni mikono ya nani itakayomweka? Ya wazee wawili wa Ombati?

Msalimie mama yako, umwambie mimi mkwewe sijasahau anavyopenda uji wake mzito. Msalimie dada yangu Nyaboke, asilie, aendelee kunichumia chai yangu bila kuivunja matawi. Msalimie mwalimu wetu wa kwaya, aache nafasi yangu. Na mke wa Ombati msalimie sana, pole yake. Wewe vaa ile sweta ya kijani, usingoje kukohoa ndiyo uitafute.

Nitarudi siku nitakayomwona Kerubo anainama mwenyewe, anamwinua mtoto wake kutoka kitandani, na hashiki tumbo. Ukiona hiyo ni aibu, ibebe wewe huko. Mimi huku nimebeba mtoto.

Mke wako,
Mama Kerubo